Funguo za Wenzangu

Mwezi uliopita nilitia sahihi karatasi moja, na mpaka leo haijanitoka moyoni. Fundi wetu wa kompyuta alitaka idhini ya kuweka programu mpya ya ulinzi katika mashine zote 14 za ofisi. Zamani, alinieleza, programu ya kukinga virusi ilikuwa kama bawabu mwenye orodha ya wezi: asiyekuwemo alipita. Hii ya sasa hutazama mwenendo. Programu yoyote ikianza ghafla kufunga mafaili kwa mamia, kama wafanyavyo majambazi wanaodai fedha ili wayafungue, huizuia papo hapo na kuitenga mashine hiyo na wenzake. Ila ni lazima ikae ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ione kila programu ifunguliwayo na kupeleka habari hizo kwa walioitengeneza.

Jioni mhasibu wetu, mama wa makamo, akaniuliza, "Mzee, huyo mlinzi ananiona na mimi?"

Nilikuwa nimekwisha kukubali kwa niaba yake.

Nikakumbuka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilipeleka faili lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilihitaji mkono wa mtu, moja baada ya moja. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha matibabu. Haikuwa hila, ilikuwa kosa tu. Lakini abiria aliyelala sakafuni hakuwa ameulizwa kama anamwamini mlinzi huyo. Waliomwamini ni wengine.

Sisemi tumwondoe mlinzi. Mishahara ya watu imo katika mashine zile, na hata mhasibu angekataa, ningeiweka. Basi kumwuliza kungekuwa na maana gani? Kumwomba mtu ruhusa huku umeazimia kutomsikiliza ni kumdhihaki. Kumwambia, hata hivyo, ni deni, nami sikulilipa kwa wakati.

Kesho yake niliwaita wote nikawasomea karatasi ile. Mhasibu aliuliza kuhusu barua anazomwandikia mwanawe wakati wa chakula. Nikamjibu kwamba fundi anasema haisomi barua.

"Na wewe umehakikisha?"

Sikuwa nimehakikisha. Siku hizi naona anaziandika kwa kalamu.