Saa Kumi na Moja Bado Kuna Kazi



Mei 2023 kule Kericho watu wenye hasira walichoma mashine za kuchuma majani chai. Kuharibu mali hatutetei. Lakini swali lao bado liko: mama aliyechuma chai miaka thelathini, mashine ikichukua nafasi yake, aende wapi? Tunaambiwa kazi mpya ni za sola na kompyuta. Halafu wanaoitwa kufundishwa ni vijana pekee.

Nimesomea biashara, na hesabu yake naijua. Mtaji huwekwa penye faida ya muda mrefu. Kijana wa miaka 22 ana miaka mingi mbele. Mama wa 55 amebakisha michache. Kwa hivyo fundisha kijana. Inaonekana sawa, lakini kuna mambo mawili imeacha nje.

Kwanza, ni nani anayebaki kijijini? Chuo cha Barefoot kule Tilonia, India, huchukua akina mama wa vijijini, wengi wao nyanya, wengine hata kusoma hawajui. Kwa miezi kama sita huwafundisha kuunda na kurekebisha taa za sola, kwa rangi, ishara na vitendo. Wanawake wa nchi nyingi za Afrika wamepitia hapo, na kituo kama hicho kiko Kinyasini, Unguja. Kwa nini nyanya? Kijana akipata cheti hukimbilia mjini. Nyanya hurudi nyumbani, na taa ikiharibika fundi yuko.

Pili, kuna deni. Mikono hiyo iliyozeeka shambani ndiyo iliyotulipia karo. Kumwambia mzazi kwamba wakati wake umepita ni kula mavuno na kumfukuza mkulima. Hata akifanya kazi hiyo mpya mwaka mmoja tu, bado tunadaiwa.

Kumbukeni mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Saa kumi na moja mwenye shamba alikuta watu wamesimama tu. Si ati walikuwa wavivu, hakuna aliyewaajiri. Hakuwaambia siku imeisha. Aliwapa kazi, na wakalipwa dinari sawa na wenzao.

Lakini kufundisha kuna namna. Mzee akileta simu asaidiwe na eCitizen, wengi wetu husema, "Lete nikufanyie." Dakika mbili tumemaliza, na kesho anarudi vile vile. Kumfanyia ni haraka. Kumfundisha ni heshima. Na tusiseme wazee hawawezi. M-Pesa ilipoanza 2007 walijifunza, kwa sababu iliwafaa, na ajenti alikuwa karibu wa kuwaonyesha.

Na yule ambaye amechoka, hataki kuanza upya? Asidharauliwe. Thamani yake haikutoka kwa kazi, na haiishi kazi ikiisha.

Vijana, Jumapili hii baada ya ibada, kila mmoja akae na mzee mmoja nusu saa. Simu ibaki mkononi mwa mzee.