Nani Amtuma Mwenzake?

Neno moja tumelizoea sana siku hizi, nalo ni neno kutuma. Twatuma salamu, twatuma fedha, twatuma picha, twatuma habari za msiba na za arusi, na karibu yote twayatuma kwa simu. Zamani mtu akitaka kutuma, ilimpasa kutafuta kijana mwenye miguu myepesi, au msafiri mwaminifu. Leo watu wengi, matajiri kwa maskini, wanacho chombo mfukoni kinachokwenda ng'ambo na kurudi kabla chungu hakijachemka. Basi twataka kuuliza swali dogo lenye uzito: Kati ya mtu na simu yake, ni nani anayetuma, na ni nani anayetumwa? Maana twaona ya kuwa mema ya chombo hiki na mabaya yake, sehemu kubwa, yalitegemea swali hilo tangu mwanzo, na hata leo yalitegemea.

Tuanze na mema, kwa kuwa si haki kumhukumu mtumishi bila kuitaja kazi aliyoifanya. Mwezi wa Machi mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianza huko Kenya kazi ya kupeleka fedha kwa simu, iitwayo M-Pesa. Na mwaka 2008 Vodacom ikaianza Tanzania. Kabla ya hapo, kijana aliyefanya kazi mjini alitia fedha katika bahasha, akampa dereva wa basi au jamaa aliyekuwa akisafiri, akakaa akiomba Mungu zifike. Nyingine zilifika, nyingine zilipungua njiani. Leo mama yake hukaa kijijini akapokea kabla jua halijachwa, akanunua dawa, akalipa ada ya shule. Tena mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea na nyumba za ibada zikafungwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, Wakristo wengi walilisikia Neno kwa redio na kwa simu. Na katekista aendaye kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa aweza kuichukua Biblia nzima katika kiganja chake.

Tuyaangalie mambo hayo vizuri. Katika kila moja, mtu alijua haja yake kabla hajaishika simu. Aliituma, ikaenda, ikarudi na jibu, naye akaiweka chini akaendelea na shughuli zake. Hivyo ndivyo mtumishi mwema alivyo.

Lakini katika nchi ile ile ya Kenya, na mwaka ule ule wa 2007 ukiwa haujaisha, chombo kile kile kilionekana kwa sura nyingine. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa Desemba, fitina ikawaka kati ya makabila. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na malaki walikimbia makwao. Katika siku zile ujumbe mfupi wa chuki ulipita kutoka simu hadi simu, ukiwatukana watu wa kabila fulani, ukiwachochea wengine kulipiza kisasi. Pia tusisahau ya kuwa kwa simu zizo hizo maneno ya amani yalienezwa, na watu walipelekewa fedha na ndugu zao walipokuwa wamekwama mahali pa hatari. Jirani wawili walishika vyombo vya namna moja; mmoja alituma msaada, mwingine alituma moto.

Sasa twafika penye fundo lenyewe. Wengi waliopeleka maneno yale ya chuki hawakuyatunga wao. Waliyapokea, wakayasoma, moyo ukashtuka, kidole kikabonyeza, yakaenda kwa wengine kumi. Na kama mmoja wao angeulizwa, huenda angejibu kwa mithali ya wazee wetu: Mjumbe hauawi. Yaani, mimi sikusema, nimepeleka tu. Jibu hilo twalisikia hata leo katika shirika zetu, kila mara habari iliyoenezwa inapoonekana kuwa ya uongo. Je, ni jibu la haki?

Tuifikiri mithali hiyo. Mjumbe wa zamani alitumwa na mtu mwenye jina, naye alitumwa kwa mtu mwenye jina. Akifika alisema, "Nimetumwa na fulani." Neno likiwa baya, walijua wa kumwuliza, na kwa sababu hiyo mjumbe hakuuawa: mwenyewe wa neno alikuwapo, naye alikuwa tayari kulijibu. Lakini mtu apelekaye habari asiyoijua ilikotoka, katumwa na nani? Hamjui aliyeitunga, wala hajui alikusudia nini, wala hakuna aliyemwambia, Nenda. Mtu huyo hana bwana wa kumwelekea wala mlango wa kurudia. Kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya mithali ile. Mjumbe asiyemjua aliyemtuma si mjumbe tena. Neno limekuwa lake mwenyewe, na litamwandama.

Wala madhara yake si ya mbali. Tuseme kwamba katika kikundi cha simu cha ushirika fulani panaletwa neno juu ya mhazini, kwamba ameila sadaka ya ujenzi. Hakuna jina la aliyeandika. Hata jioni neno limefika kwa washarika mia tatu, na kwa jamaa zake walioko mbali. Wiki mbili baadaye vitabu vinakaguliwa, hesabu zaonekana ni sawa hata senti ya mwisho. Nani atakwenda kuwaambia wale mia tatu? Maji yakimwagika hayazoleki. Mwizi wa mbuzi aweza kurudisha mbuzi. Mwizi wa jina jema atarudisha nini? Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, lakini Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 haikuishia katika kukataza. Yatufundisha pia kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa wema. Basi aliyenyamaza alipoweza kumtetea mhazini yule, naye ana deni.

Mwaka 2018 huko India uvumi ulienezwa kwa WhatsApp kwamba wageni fulani wanaiba watoto. Makundi ya watu yaliwaangukia wapita njia wasio na hatia, yakawaua. Baada ya mauaji hayo wenye chombo walipunguza idadi ya watu ambao habari iliyopokewa yaweza kupelekwa kwao kwa mara moja; na mwaka 2020 waliamuru kwamba habari iliyokwisha kupelekwa mara nyingi ipelekwe penye mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati. Kwa tendo hilo walikiri ya kuwa wepesi wenyewe wa kupeleka ni hatari, kwa maana unampita mtu kabla hajafikiri.

Labda mtu atasema, "Simu ni chombo tu, kama jembe. Ubaya ni wa mtu." Neno hilo ni kweli nusu. Jembe likiwekwa pembeni hunyamaza hata mwenyewe alifuate. Simu hainyamazi. Huita usiku, huita katikati ya sala, huita mama akiwa ananyonyesha. Na iitapo, si mara zote kwamba yuko mtu mwenye haja nasi. Kampuni nyingi zinazotupa picha na habari bila malipo hulipwa na wenye matangazo. Na kadiri macho yetu yanavyokaa hapo, ndivyo faida yao inavyozidi. Mwaka 2006 fundi mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho, unaojiongeza kila usogezwapo kwa kidole. Baadaye alisema hadharani ya kuwa anajutia jambo hilo. Mwaka 2009 Facebook ikaleta alama ya kupenda, na tangu hapo watu wengi huamka asubuhi kuhesabu wangapi wamewapenda. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na gazeti hili mtalimaliza leo. Lakini chombo kisicho na mwisho chamtaka mtu ajiwekee mwisho mwenyewe, na jambo hilo ni gumu kwa mtu aliyechoka.

Hapo ndipo kazi inapogeuka, na mtuma akawa mtumwa. Mtu anaichukua simu atazame saa, anaiweka chini baada ya nusu saa, na saa yenyewe hakuitazama. Macho hayana pazia, wasema wazee. Huyaona maisha ya wengine yaliyopambwa, moyo ukaanza kuyadharau ya kwake. Watoto wanamsemesha baba, naye aitika bila kusikia. Tena iko mikopo ya simu, ipatikanayo kwa dakika chache bila mashahidi, na kamari ya mipira, ichezwayo gizani bila mke kujua. Wengine walipochelewa kulipa, wakopeshaji waliwaandikia jamaa na rafiki zao ili kuwaaibisha. Hata mwaka 2022 sheria mpya za Benki Kuu ya Kenya zikakataza wakopeshaji wa namna hiyo kuwasumbua watu ambao majina yao yamo katika simu ya mdaiwa. Twajua ya kuwa wako walionyamaza na aibu hiyo hata katika viti vya kanisani. Ndugu hao wasihukumiwe; watafutwe kwa upole.

Je, tuitupe simu? La, hasha. Sisi Walutheri tusingeweza kusema hivyo bila kujisahau. Mwaka 1517 hoja 95 za Martin Luther zilipigwa chapa Leipzig, Nürnberg na Basel katika muda wa majuma machache, na bila mitambo ya chapa huenda sauti ile isingevuka mipaka ya Wittenberg. Lakini tukumbuke na upande wa pili. Mwaka 1543 mitambo iyo hiyo ilichapa maneno mabaya mno aliyoyaandika Luther mwenyewe juu ya Wayahudi. Maneno hayo yaliishi kuliko mwandishi wake, na katika karne ya 20 Wanazi waliyatumia kuupamba uovu wao. Mwaka 1984 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliyakataa maneno hayo waziwazi. Basi chapa haikuitakasa chuki kwa sababu ilikuwa imechapa Katekisimo. Wala jina kubwa halikuigeuza kuwa kweli. Kila neno lilibaki na hukumu yake, na aliyelieneza alibaki na sehemu yake.

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Simu imekaa nyumbani mwetu si siku mbili, bali miaka ishirini na zaidi, na wengi wetu twaendelea kuiandalia mahali pa heshima na kuinuka kila iitapo. Imekuwa mgeni wa kudumu. Wakati umefika wa kuipa jembe. Twashauri mambo matatu.

Kwanza, kabla hujaishika, ujue unaituma nini. Ukiisha kupata jibu, iweke chini. Ukiona umeishika na hujui kwa nini, basi wewe ndiwe uliyetumwa.

Pili, kabla hujapeleka neno la mwingine, jiulize: Namjua aliyesema? Ni kweli? Ningelisema kama anayesemwa angekuwa ameketi mbele yangu? Kama huwezi kujibu, neno hilo na lifie kwako. Na ukiisha kupeleka uongo bila kujua, urudi mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, useme, "Neno nililoleta si kweli." Ni tendo chungu, lakini ndilo toba iliyo na miguu.

Tatu, uipe simu mahali pa kupumzika: wakati wa chakula, wakati wa sala ya nyumbani, na siku ya Bwana ibada inapoendelea, isipokuwa kwa mwenye kuisomea Neno, au mwenye mgonjwa. Katika jambo hili wazazi watangulie, maana mtoto hujifunza kwa macho kabla ya masikio.

Nanyi makatekista, mnapofundisha wanafunzi wa kipaimara amri ya nane, msiishie katika mashahidi wa barazani. Waambieni watoe simu zao, waonyeshe neno la mwisho walilolipeleka kwa wengine, na waeleze nani aliwatuma. Watacheka kwanza, halafu watanyamaza, na hapo somo limeanza.

Mkristo amekwisha kutumwa. Bwana wake alimtuma kwa jirani yake, kwa mgonjwa, kwa mjane, kwa mtoto aliyeketi naye mezani. Simu ikimsaidia kwenda huko, na amshukuru Mungu na kuitumia kwa furaha. Ikimwita aende kwingine, akumbuke ni nani aliyemtuma kwanza. Mungu na atujalie masikio ya kuitambua sauti hiyo katikati ya milio mingi.