NANI HUYU KATIKA PICHA?

Neno la mwezi: Mwanzo 37:31-35 na Ezra 2:59-62



  Mwezi huu tunazungumza nanyi kuhusu zile picha alizotuachia marehemu mzee wetu mpiga picha. Tulikosea kwa habari ya picha hizo. Kosa letu lilifanyika mbele ya kanisa, basi na toba yake iwe mbele ya kanisa.

Wengi mnaijua habari ya mzee yule. Alikuwa na studio ndogo kule Uvira. Vita ilipoingia mjini mwezi wa Oktoba 1996, alikimbilia ziwani akavuka Tanganyika mpaka Kigoma. Kamera aliiacha, na kitanda aliacha. Alichobeba ni bahasha ya picha ambazo wateja walilipa nusu na hawakurudi kuzichukua, nyingine zikiwa zimekaa kwake tangu miaka ya 1970. Alizoea kusema kwamba hizo si mali yake, ni deni. Alizitunza katika kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, na kabla hajalala katika Bwana alitukabidhi sisi. Tulizihesabu, zikawa 41. Watu walio ndani yake karibu wote hatuwajui.

Tukaona ni vema kuzipanga mezani baada ya ibada, ili watu wapite watazame, labda mtu atamwona wa kwake. Watu walipita kwa furaha nyingi. Ndipo mmoja wetu akainua picha ya kijana aliyevaa abakosti, lile koti la enzi za Mobutu lisilovaliwa na tai, akasema, "Huyu ni kaka yake mama fulani." Mama yule hajamwona kaka yake tangu walipopotezana njiani mwaka 1996, na macho yake sasa ni dhaifu. Aliishika picha, akalia, akasema, "Ndiye." Nasi tukasimama madhabahuni tukatangaza, tukashukuru, tukaimba.

Haikupita wiki, maneno mengine yakaanza. Kijana wa pichani ana beji ya chama cha MPR kifuani. Watu wakaanza kusema: kumbe kaka yake alikuwa mtu wa serikali, huenda ndiye aliyewauza wenzake. Watoto wa mama yule wakatukanwa bombani wakiteka maji. Jumamosi moja, mwalimu wa shule ya Jumapili alipokuwa akizirudisha picha katika bahasha, aliigeuza ile picha. Nyuma yake mzee wetu aliandika kwa penseli namba ya mteja na mwaka: 1974. Kaka wa mama yule alizaliwa mwaka 1970. Mwaka 1974 alikuwa mtoto wa miaka minne.

Wapendwa, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameigeuza picha. Mama yule alimpoteza kaka yake mara ya pili, na mara hii sisi ndio tuliompotezea. Tulikwenda nyumbani kwake tukaomba msamaha, akatusamehe. Leo tunauomba tena mbele yenu nyote, yeye na watoto wake.

KANZU ILIKUWA YA KWELI

Tukirudi katika Neno tunaona kwamba jambo hili si geni. Wana wa Yakobo walimuuza ndugu yao, kisha wakaipaka kanzu yake damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao aitambue. Angalieni jambo hili vizuri. Kanzu ilikuwa ya Yusufu kweli. Yakobo hakukosea kuitambua. Kosa lilikuwa katika maana: aliona damu, akahitimisha mwenyewe kwamba mnyama mkali amemla mwanawe. Yusufu alikuwa na miaka 17 wakati ule. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa kabla ya kujitambulisha kwa ndugu zake. Kwa hiyo Yakobo aliomboleza miaka ipatayo 22 juu ya mtu aliye hai, kwa sababu kitu cha kweli kilisomwa kwa uongo.

Picha nayo ni hivyo. Uso ulioonekana ulikuwepo kweli, mbele ya kamera, siku ile. Lakini picha haisemi huyu ni nani, alikuwa na moyo gani, wala aliishia wapi. Hayo tunayatia sisi, na mara nyingi tunayatia kutoka katika huzuni yetu au katika hasira yetu. Aliyelia alimwona kaka. Aliyekasirika alimwona msaliti. Picha ilikuwa moja.

TUSOME KWA HAKI

Kuna mambo ambayo picha za zamani zinaweza kutufundisha tukizisoma kwa uangalifu. Muhuri wa studio wenye neno Zaire unatuambia ni kati ya 1971 na 1997, maana ndiyo miaka nchi yetu ilipoitwa hivyo. Ukisoma Usumbura badala ya Bujumbura, ujue ni kabla ya kuzoeleka kwa jina jipya lililokuja na uhuru wa Burundi mwaka 1962. Abakosti inatupeleka miaka ya 1970 na 1980.

Lakini hapo hapo tuwe waangalifu. Beji ya MPR haithibitishi kwamba mtu alikuwa mbaya. Katika utawala ule kila raia alihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa, na wengi waliivaa ili wasipoteze kazi. Tena, picha moja ina jina nyuma lisilo na jina la ubatizo, na mtu mmoja akasema, "Huyu hakuwa Mkristo." Wapendwa, mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo ya kigeni. Wazazi wetu wengi waliobatizwa kina Petro na Maria waliandika majina mengine, lakini Bwana hakuwafuta katika kitabu chake.

Wengine mnakumbuka kilichofanyika baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, picha zikatundikwa kambini, wazazi wakapita wakitafuta uso mmoja. Lakini mzazi akinyosha kidole hakukabidhiwa mtoto papo hapo. Aliulizwa maswali kwanza: jina, kijiji, ndugu, mahali walipopotezana. Haikuwa kumdharau mzazi. Ilikuwa kumlinda mtoto, na kumlinda yule mzazi mwingine ambaye bado yuko njiani anakuja.

WALIHESABIWA

Sasa tutafanya nini na watu ambao hatutawajua kamwe? Katika Ezra sura ya 2 tunasoma orodha ya watu waliotoka uhamishoni kurudi kwao. Katikati ya orodha wapo 652 walioshindwa kuonyesha ukoo wao. Wakimbizi tunaielewa habari hii. Nani kati yetu hajaulizwa karatasi ambayo iliungua pamoja na nyumba? Tazameni walivyotendewa. Hawakubandikwa ukoo wa uongo ili orodha ipendeze. Wala hawakufukuzwa safarini. Waliandikwa jinsi walivyo, wakahesabiwa, wakapanda pamoja na wengine. Hata makuhani ambao majina yao hayakupatikana waliambiwa wangoje kwanza.

Basi kusema "hatujui" si aibu, na si kumtupa mtu. Ni kumwachia nafasi jina lake la kweli. Sisi hatumjui kijana wa abakosti, lakini Mungu aliyemuumba tumboni mwa mama yake anamjua (Zaburi 139). Naye asemaye kwamba mwanamke aweza kumsahau mtoto anyonyaye lakini yeye hasahau (Isaya 49:15) hahitaji muhuri wa studio.

Kwa hiyo tumeamua hivi:

1. Picha zitatazamwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mbele ya wazee wawili wa kanisa. Kila picha itageuzwa kwanza.

2. Tutaandika katika daftari kile kinachoonekana na kile alichosema mtu, pamoja na jina la aliyesema. Hatutatangaza madhabahuni mpaka mashahidi wawili wakubaliane, kama Maandiko yanavyotufundisha (Kumbukumbu la Torati 19:15).

3. Hakuna atakayepewa picha ya mtu asiyemjua ili akaionyeshe kwenye usahili kuwa ni baba yake. Tumeombwa jambo hili, tumekataa. Tunajua shida iliyopo, lakini amri ya tisa haijafutwa kambini.

4. Anayetafuta ndugu aende Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo wanaifanya bila malipo. Mtu akikudai fedha, mkatae.

5. Ninyi wenye picha nyumbani, waulizeni wazee majina leo, kabla hawajalala. Andikeni nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Zihifadhini katika bahasha ya karatasi mahali pakavu, mbali na jua, maana nailoni hushika unyevu.

Mpaka sasa picha 3 kati ya 41 zimepata majina. Moja ni ya wasichana wawili wenye magauni yanayofanana. Bibi mmoja wa kwaya ya akina mama aliitazama kimya, kisha akataja, kabla hatujaigeuza, kitu kilichoandikwa nyuma: salio la deni. Alikuwa yeye na dada yake. Alifungua kitambaa chake akatoa shilingi ili alipe. Tulimwambia deni limekwisha. Alikataa, akaziweka katika sadaka.

Yakobo naye hakuamini kwa urahisi alipoambiwa Yusufu yu hai. Moyo wake ulipigwa na ganzi mpaka alipoyaona magari yaliyotumwa kumchukua (Mwanzo 45:26-27). Mama yetu anayemngoja kaka yake bado anangoja. Tusimletee tena kanzu yenye damu, wala furaha ya kubuni. Tungoje pamoja naye.

Tuombe: Ee Bwana, unayewajua walio wako, utuzuie ndimi zetu tusipojua. Uwakumbuke hao 38 ambao hatuna majina yao, walio hai na waliolala. Na siku ile utakapoita majina, utuite nasi pamoja nao. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Kristo,
Mchungaji na wazee wa kanisa