MWANAMKE WA HIRA NA NJIA ZA USIKU

Adi bin Hatim alikuwa mwana wa Hatim wa kabila la Tai, yule aliyesifika Arabuni kote kwa ukarimu wake. Naye Adi alikuwa Mkristo kabla ya kusilimu. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba siku moja, alipokuwa mbele ya Mtume Mtukufu s.a.w., alikuja mtu akalalamikia ufukara, kisha akaja mwingine akalalamikia wanyang'anyi wa njiani. Hapo Mtume s.a.w. akamwuliza Adi kama aliujua mji wa Hira. Adi akajibu kuwa hajauona, bali amehadithiwa habari zake. Basi Mtume s.a.w. akambashiria ya kuwa, umri wake ukirefuka, atamwona mwanamke akisafiri kutoka Hira, katika nchi ya Iraki, mpaka Makka, na kuizunguka Kaaba, hali hamwogopi yeyote ila Mwenyezi Mungu.

Adi aliposikia maneno hayo alistaajabu, akajiuliza moyoni: Watakuwa wapi basi majambazi wa Tai, waliozijaza nchi hofu na shari? Lakini Mwenyezi Mungu alimpa umri mrefu, na baadaye yeye mwenyewe akashuhudia kwamba amemwona mwanamke huyo kwa macho yake.

Ndugu msomaji, yatazame vema mambo mawili katika habari hii. La kwanza, Mtume s.a.w. alimbashiria Adi pia kufunguliwa hazina za Kisra, mfalme wa Uajemi. Lakini alitanguliza usalama wa mwanamke msafiri, kisha ndipo akataja hazina. La pili, Adi hakuuliza mwanamke huyo anafuata nini Makka, wala amevaa nini, wala kwa nini hakukaa nyumbani. Aliuliza juu ya majambazi wa kabila lake mwenyewe. Alijua hatari ya njia ile ilitoka wapi, akaanza kuwahesabu watu wake.

Swali hilo la Adi ndilo tunalotaka kulileta katika zama zetu, kwani njia zimebadilika na majambazi nao wamebadilika.

Jambazi asiyeshika upanga

Leo mwanamke hupanda ndege jioni na kuamka katika bara jingine. Miji mikubwa ina mitaa yake ya starehe za usiku, yenye mikahawa, kumbi za muziki na nyumba za ulevi, na taa zake hazizimwi mpaka alfajiri. Katika mitaa hiyo wamezuka watu wanaoitwa washawishi wa mitandao ya kijamii. Kazi yao ni kupiga picha kwa simu, kuzitangaza kwa maelfu ya wafuasi, na kupata fedha kwa wingi wa macho yanayotazama. Si wote waovu. Wako wanaofundisha mema na kuwaonya wasafiri. Lakini wako pia waliofanya hofu na aibu ya mwanamke kuwa bidhaa.

Katika mji wa Manchester, Uingereza, wanawake waliotoka kutembea usiku waligundua baadaye ya kuwa walipigwa picha barabarani bila kujua, na picha hizo zikatangazwa ulimwenguni kwa jina la matembezi ya mjini. Chini yake watu wasiowajua waliandika matusi juu ya miili yao. Katika Novemba 2024 polisi wa huko walimkamata mwanamume mmoja kwa kushukiwa kuwachungulia na kuwasumbua wanawake kwa njia hiyo. Lakini yafaa ifahamike kwamba sheria ya Uingereza kwa kawaida haimkatazi mtu kupiga picha mahali pa hadhara. Ilikuwa mwaka 2019 tu ndipo ilipopitishwa sheria maalumu ya kumwadhibu anayempiga mtu picha chini ya nguo zake.

Tunaona basi kwamba sheria za wanadamu huja nyuma ya maovu, kama mtu afungaye zizi baada ya ng'ombe kwisha kuibiwa. Na Kurani Tukufu je? Katika Sura Nuru, aya ya 31, kwa hesabu inayoanza na Bismillahi, Mwenyezi Mungu anawaamuru wanaume waaminio wainamishe macho yao. Amri hiyo imewafikia wanaume kwanza, kisha ndipo katika aya inayofuata wanawake nao wakaamriwa vivyo hivyo na kufundishwa mavazi ya staha. Mwanamume asemaye, Ajifunike kwanza ndipo nisimtazame, ameipindua Kurani chini juu.

Na katika Sura Bani Israil, aya ya 37, tunaambiwa ya kuwa sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Simu ya mkononi ni jicho alilojiongezea mwanadamu. Jicho la asili huona na kusahau. Jicho hili halisahau, na hulitazamisha taifa zima kile alichokiona mtu mmoja. Ikiwa jicho dogo litaulizwa, je, hili kubwa litaachwa?

Uso uliogeuzwa

Katika Hija ya mwisho, Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa juu ya mnyama wake, na nyuma yake amempakia kijana Fadhili bin Abbas r.a. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am, msafiri kama mahujaji wengine, kuuliza kama aweza kumhijia baba yake, mzee asiyeweza kukaa juu ya kipando. Fadhili akawa anamtazama mwanamke yule. Mtume s.a.w. akaugeuza uso wa Fadhili upande mwingine kwa mkono wake, na mwanamke akajibiwa swali lake.

Angalieni ni uso wa nani uliogeuzwa. Mwanamke hakufukuzwa wala hakukaripiwa. Alikuwa na haja yake, akaipata. Aliyerekebishwa ni yule aliyekuwa akitazama, na aliyemrekebisha ni mkubwa aliyekuwa karibu naye. Hivyo ndivyo inavyowapasa baba, kaka na rafiki: kuugeuza uso wa kijana wao.

Usiku wa tarehe 29 Novemba 2022, katika mji wa Mumbai, Bara Hindi, mwanamke mgeni kutoka Korea ya Kusini alikuwa akitembea katika mtaa wa Khar, akirusha picha za safari yake moja kwa moja kwa wafuasi wake. Kijana mmoja akamjia karibu, akamshika mkono, akamvuta na kutaka kumbusu. Mwanamke akaondoka kwa upole, naye akamfuata tena pamoja na mwenzake juu ya pikipiki. Watu kama 1,000 walikuwa wakitazama katika simu zao. Mmoja wao, aliyekuwa karibu na mahali pale, akatoka kwenda kumsaidia. Picha zilipoenea, polisi waliwakamata vijana wawili.

Habari hii inatufundisha kwamba chombo ni kimoja na matumizi ni mengi. Simu ile ile ilikuwa shahidi wa haki, na mtazamaji mmoja aliacha kutazama akasimama. Bora mmoja aliyesimama kuliko mia tisa waliokaa.

Aliyekuta, na waliosimulia

Msafiri mwingine wa kike anajulikana na Waislamu wote. Bibi Aisha r.a. alikuwa akirejea Madina pamoja na jeshi kutoka katika vita vya Banu Mustaliq. Kidani chake kilikatika, akaenda kukitafuta, na aliporudi akakuta msafara umekwisha ondoka. Akaketi mahali pale peke yake, usingizi ukamchukua. Safwan bin Muattal r.a., aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta. Hakumwambia neno ila alimrejea Mwenyezi Mungu kwa kauli ya msiba. Akampigisha ngamia magoti, Bibi Aisha akapanda, naye akamwongoza kwa miguu mpaka wakalifikia jeshi.

Mtu mmoja alimkuta mwanamke peke yake njiani, akamfikisha kwa amani. Lakini watu wengine, ambao hawakuwapo, walifanya habari yake kuwa maneno ya baraza, na kwa muda wa mwezi mmoja mji wa Madina ulitikisika. Ndipo aya za Sura Nuru zikateremka. Humo Mwenyezi Mungu aliwakemea waliopokezana kwa ndimi jambo wasilolijua, wakalidhania kuwa dogo, kumbe mbele yake ni kubwa mno. Na anayewasingizia wanawake watahirifu bila kuleta mashahidi wanne akawekewa adhabu ya viboko 80, na ushahidi wake ukakataliwa.

Ewe unayepeleka mbele picha ya mwanamke usiyemjua, umeandika chini yake kuwa huyu ni malaya, huyu ni mlevi: una mashahidi wangapi? Wewe hukumkuta. Wewe ni miongoni mwa waliosimulia.

Wala tusidhani ya kuwa haya ni ya Ulaya na Bara Hindi peke yake. Nairobi, katika Septemba 2023, ukumbi mmoja wa starehe ulitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, kwa sababu ulitangaza mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kama serikali imeona ya kuwa sura ya mtu ni haki yake, muumini aliyekatazwa upelelezi na usengenyaji katika Sura Hujurati, aya ya 13, atakosaje kuliona hilo?

Shahidi wa kununuliwa

Kuna na hatari nyingine. Mshawishi hulipwa na wenye kumbi na hoteli ili awaambie wasichana: Njooni huku, ni pazuri, ni salama. Huo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Katika Novemba 2024, katika mji wa Vang Vieng, nchini Laos, mji uliopata sifa duniani kwa starehe za vijana wasafiri, watalii 6 walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganyika na methanoli, na 5 kati yao walikuwa wanawake. Methanoli haijulikani kwa rangi wala kwa ladha. Ndani ya mwili hugeuka sumu inayopofusha macho na kuua. Picha huonyesha taa na vicheko, lakini haionyeshi kilichomo ndani ya bilauri. Basi asiyejua asisifu.

Majibu kwa wenye kuuliza

Huenda mtu akasema: Aliyekwenda mahali pa ulevi amejitakia mwenyewe. Jibu lake ni hili. Uislamu umeharimisha ulevi kabisa, nasi hatupunguzi neno katika hukumu hiyo. Lakini dhambi ya mtu haimfanyi kuwa mawindo ya mwenziwe. Tena si kila mwanamke aliye katika mitaa ile ni mlevi. Yuko muuguzi atokaye zamu, yuko mpishi na mfagiaji, yuko mgeni ambaye hoteli yake iko hapo. Wewe ndiye uliyepewa kuwahukumu?

Mwingine atauliza: Je, Uislamu haukumtaka mwanamke asafiri pamoja na maharimu wake? Naam, mafundisho hayo yapo, nayo ni ngao aliyowekewa. Lakini anayemwona mtu hana ngao akamrushia mshale, hawezi kusema kwamba kosa ni la ngao. Na bishara ya Hira yatuonyesha lengo ni nini: njia iwe na amani hata mwanamke asihitaji kumwogopa mwanadamu.

Basi yatupasa nini? Mwenye simu aombe idhini kabla ya kupiga picha, na akiambiwa afute, afute. Asitaje mahali alipo mwanamke wala nyumba aliyofikia. Akiona mtu anasumbuliwa, aishushe simu kwanza, amsaidie au awaite polisi. Anayeletewa picha ya aibu, iishie kwake. Na dada zetu wasafiri, si kwa kuwa lawama ni yenu bali kwa kuwa maisha yenu ni azizi: msitangaze mlipo mpaka mmekwisha ondoka, mwacheni mtu mwaminifu ajue njia yenu, msipokee kinywaji msichokiona kikimiminwa, wala msione haya kupiga kelele mkishikwa.

Nanyi wazazi, mmezoea kumwuliza binti yenu arudipo, Ulikuwa wapi? Mwulizeni na mwana wenu: Ulikuwa wapi, na simu yako imebeba nini? Kwa maana Adi bin Hatim alianza kwa kuwauliza watu wa Tai. Kila kabila, kila mji na kila nyumba lazima iulize hivyo: majambazi wetu wako wapi?

Mwenyezi Mungu Mtukufu atujalie macho yenye haya na ndimi zenye kweli, na aijalie kila njia, ya mchana na ya usiku, iwe ya amani kwa kila mwanamke anayepita. Amin.