Ngao Isiyojua Kusamehe

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliochapishwa Marekani mwaka 1974, zipo kinga za kichawi zinazomrudishia mpigaji madhara. Kanuni za mwaka 2014 zinatupa mbili za kulinganisha. Ngao ya Moto humzingira mhusika kwa dakika 10. Kila aliye karibu akimpiga kwa mkono au upanga huungua papo hapo, kwa kiasi kinachoamuliwa na dadu mbili za pande 8. Karipio la Jehanamu, kwa upande wake, humtaka aliyejeruhiwa aamue mwenyewe kumnyooshea kidole aliyemjeruhi.

Yaweza kudaiwa kwamba ngao ni safi zaidi kimaadili: haimfuati mtu, na aliyeungua amejiunguza. Lakini ngao haiulizi mkono umepiga kwa nini. Rafiki aliyerogwa akampiga mwenzake ataungua sawa na adui. Mwenye karipio angemtambua, akajizuia.

Swali hili si geni kwa Waswahili. Mwenye shamba aliyeweka kago husema mwizi amejitakia. Je, akiingia mtoto mwenye njaa?

Kinga inayojiendesha haimwondolei mwenyewe dhima, bali huitanguliza. Aliyejivika ngao ya moto amekwisha kutoa hukumu kabla ya kumjua mshtakiwa, na ameacha uwezo wake wa kusamehe nje ya moto huo. Kabla ya kuivaa, basi, yampasa ajiulize ni nani wanaoweza kumgusa.