Vumbi la Ukuta na Damu ya Mtoto

Wapendwa, someni Mambo ya Walawi sura ya 14. Pigo likionekana ukutani, mwenye nyumba hana ruhusa ya kunyamaza. Anakwenda kwa kuhani. Vyombo vinatolewa, nyumba inafungwa siku 7, na pigo likienea mawe yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa, kifusi chake kinatupwa nje ya mji. Tazameni jinsi Mungu alivyolijali vumbi la ukuta!

Pigo la kuta zetu linang'aa, ndiyo maana tunalipenda. Ni madini ya risasi yaliyomo katika baadhi ya rangi za mafuta, hasa za njano na nyekundu, tunazopaka milango, grili na hata vitanda vya watoto. Hatuwezi kusema hatukuonywa. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Marekani iliipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Rangi ikizeeka hubanduka, ikawa vumbi. Mtoto anatambaa juu yake, kisha ananyonya vidole. Mwili wake mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi kuliko wa mtu mzima. Risasi hupiga ubongo. Hujificha mifupani miaka mingi, na mwanamke akishika mimba hutoka humo ikamfikia aliye tumboni. Mtoto anashindwa kutulia, anashindwa kusoma, nasi tunamwita mzito na kumchapa. Tunamchapa mtoto kwa kosa la mlango!

Basi fundi asipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenu. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri, iacheni. Pakeni juu yake iliyo salama. Inayobanduka ilowanishwe kwanza, watoto na mama wajawazito wakiwa wameondoka, vyombo na maji ya kunywa vikiwa nje. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, msilifagie. Na mbao za mlango wa zamani, jamani, msizitie jikoni kuwa kuni! Moshi wake ni sumu ile ile.

Dukani ulizeni kabla ya kulipa. Kopo lisilosema lolote kuhusu risasi, liacheni hapo hapo, hata likiwa rahisi.

Nanyi wenye nyumba za kupangisha, sheria ile ya Walawi ilimtuma mwenye nyumba kwenda kwa kuhani. Msingoje mpangaji alalamike. Yeye anaogopa kuhamishwa. Nendeni wiki hii mkague madirisha na milango ya vyumba mnavyopokea kodi, na palipobanduka mparekebishe kwa gharama yenu.