Je, "Sori" Ni Toba?

Hapa Mtama neno "sori" limeshakuwa letu. Mtu akitukanyaga stendi anasema sori. Mwenye deni akipitisha siku aliyoahidi, sori. Nasi wachungaji tumo. Neno lenyewe halina dhambi, lakini tujiulize linabeba nini.

Kwa Kiingereza, neno hilo lina asili moja na neno la kidonda. Anayelitamka anasema ameumia moyoni. Ndiyo maana Mwingereza hulitumia msibani, na hulitumia pia akivunja kikombe cha mwenzake. Kiswahili kimetenganisha mambo hayo. Pole tunampa aliyepatwa na jambo, hata kama hatukulisababisha. "Nisamehe" husema aliyekosa. Toba ni zaidi: kuungama na kugeuka.

Tuseme mtu anachoma pori kuandaa shamba, moto unavuka mpaka na kuunguza mikorosho ya jirani. Anakwenda na kusema, "Sori, mzee wangu." Mzee alipokeeje? Kama ni pole, hata mpita njia angempa. Kama ni kuomba msamaha, mkosaji hajasema, "Moto ni wangu." Neno hilo limemficha.

Lakini mwingine atauliza: Je, tukidai alipe kwanza, hatujageuza msamaha kuwa bidhaa? Swali hilo ni zito kwetu Walutheri. Mwaka 1517 Martin Luther alipinga biashara ya vyeti vya msamaha, na katika hoja yake ya kwanza kati ya 95 alifundisha kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Msamaha haununuliwi.

Tumtazame Zakayo katika Luka 19. Yesu alitaka kukaa nyumbani mwake kabla hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia. Ndipo Zakayo akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakununua msamaha, alikuwa amegeuka.

Basi mwenye moto na amwendee jirani, akiri kosa lake bila kisingizio, kisha washike majembe pamoja wapande miche mipya. Na mzee naye asingoje mikorosho izae ndipo asamehe, maana sisi sote tumesamehewa tukiwa bado wadaiwa.

Jumapili hii tutakapoungama mbele za Mungu, tukumbuke kama yuko jirani ambaye mpaka leo tumemwambia "sori" tu.